Herufi Ndogo za Nyuma

Mteja huanza na namba. Hamsini, anasema,
kama anayetaja bei.
Mimi hukigeuza kichupa, nausoma mgongo wake,
mahali ambapo watengenezaji hunong'ona.

Duka letu la dawa lipo Mwananyamala,
mkono wa kulia ukitoka hospitali, pembeni ya fundi cherehani.
Tangu Desemba nimeyahamisha mafuta ya jua
kutoka rafu ya dirishani,
maana bati likishika moto saa sita
dawa huharibika kimyakimya ndani ya boksi,
na boksi halitoi jasho likakwambia.

Haya sikuyajulia chuoni. Niliyajulia sikioni:
sikio la kushoto la kaka yangu Chande,
lililopunguzwa ncha kule Ocean Road
kwa kidonda alichokiita cha mbu
miezi minane.

Chande ni mshika kibendera. Kila Jumapili
anakimbia pembezoni mwa uwanja, Tandale,
saa nne hadi karibu saa sita,
na kivuli cha pekee ni cha mlingoti wa goli.
Ngozi yake haikupewa rangi ya kumtetea.
Natetea mimi,
na daftari la kurasa mia
ninamoandika majina magumu.

Zinki oksaidi: naiweka juu.
Haina haja ya kuingia ndani kutafuta undugu,
inakaa mlangoni kama mgambo.
Huacha weupe, wateja wananirudishia:
"Dada, nimekuwa kama niliyeangukia unga."
Chande alicheka. "Weupe? Huo nilikuja nao."

Avobenzoni: hodari, ila jua lenyewe huivunja
isipopata mwenza wa kuishika mkono.
Namtafuta mwenza kwenye orodha.
Asipotajwa, narudisha rafuni.

Oksibenzoni: hupenya hadi damuni.
Wataalamu bado wanabishana, nami si hakimu wao;
lakini mtu wa kujipaka kila siku ya maisha yake
simpi kitu kinachobishaniwa.

Manukato: waridi, nazi, sijui upepo wa asubuhi.
Yalimwasha shingo akaikuna hadi damu.
Nilipiga mstari mara mbili, karatasi ikatoboka.

Na hizo namba. Thelathini huzuia
miale tisini na saba katika mia,
hamsini, tisini na nane.
Aliyejipaka thelathini ya kutosha
anamshinda aliyeonja hamsini.

Nayajua yote haya, na bado
siku moja, mtaa wa Kongo, nikiwa na haraka,
nilinunua yenye namba mia, bei chee.
Nilisoma mbele tu.
Dakika ya sabini mabega yake yalikuwa nyanya.
Usiku nikakigeuza: "Kinga" imeandikwa "Kniga",
kiwanda hakina anuani, tarehe imefutika kwa kidole.
Chande, kalala kifudifudi, taulo la maji mgongoni,
akainua mkono kana kwamba ameshika bendera.
"Umeotea, dada."

Jana alikuja binti mmoja anataka mbili kwa moja:
ikinge jua na imng'arishe.
Nikaisoma ile aliyokuja nayo mkobani. Haidrokwinoni.
Nikaitazama mikono yake,
rangi ile ile ambayo Chande huinunua kwenye kichupa
kila wiki tatu, na haijawahi kumtosha.
Nilitaka kumwambia. Foleni ilikuwa ndefu.
Alinunua pamba, akaondoka.

Jumapili nakaa kwenye benchi la akiba.
Kofia pana chama kimeikubali, kwa barua yenye mhuri.
Mapumziko yakipulizwa anakuja anahema,
nami namfuta jasho kwanza, kisha
vidole viwili vilivyojaa, uso na shingo,
nyuma ya magoti ambako watu husahau,
halafu masikio:
lililo zima,
na lile lililonifundisha kusoma.