Njumu

Lushinge alilisukuma guta hadi gereji yangu, Buswelu,
tope limemfika kwenye nyusi.
"Fundi, kile kilima cha kabla ya Kayenze
kimenila vipande sita vya barafu leo.
Gurudumu linazunguka palepale kama linaaga,
maji yanachuruzika,
sangara wananisubiri mwaloni macho yamewatoka."
Akauliza kama tairi linaweza kuvaa njumu.

Sikucheka.
Niliwahi kucheza winga ya kushoto, timu ya mtaa,
kiwanja chenye mteremko na dimbwi golini.
Najua mtu anavyoanguka akiwa peke yake na mpira.

Nikavua tairi za nyuma, nikachora kwa chaki:
bolti moja hapa, nyingine iruke, ya tatu irudi katikati,
zisigombee udongo uleule.
Vichwa ndani, nikavifunika kwa vipande vya tyubu kuukuu
ili tyubu mpya isijue imelalia nini.
Arobaini na nane kila upande.
Nati nje, nikakaza hadi kiganja kikaota lengelenge.

Kisha nafasi.
Kati ya tairi na sakafu ya bodi
kuna upenyo wa kidole, tena kidole cha Nyanzobe,
mwanangu wa miaka tisa.
Nikapitisha kiberiti kikiwa kimelala. Kikapita.
Nikazungusha gurudumu kwa mkono: kimya.
Nikapokea hela yangu, nikanunua soda.

Kesho yake akarudi.
"Linalia, fundi. Tangu kiwanda cha barafu linalia,
krrr, krrr, kama mtu anayekwangua ukoko.
Kilima limepanda, sikatai. Limeuma, limepanda.
Ila bati la sakafu limechanika,
nimesimama mara nne kuchungulia, jua linawaka,
barafu inashuka kwa mle mle ilipopasuka.
Nilipokaribia mwalo mlio ukakoma.
Nikashukuru, fundi. Nikapiga na mluzi.
Kugeuka nyuma, turubai limelala bapa."

Nikakaa juu ya ndoo.
Nilikuwa nimelipima guta likiwa na njaa,
springi zimesimama wima, hazina wasiwasi,
na mimi nikaliuliza bodi tupu
habari za mzigo.

Basi nikaita watu.
Mama Kabula, acha chapati, panda.
Nyie wawili wa bodaboda, pandeni.
Bugumba mshona viatu, na kitambi chako, njoo,
leo kina kazi.
Wakajipanga magoti kwa magoti wakicheka.
"Tunakwenda wapi?"
Hamwendi popote. Kaeni. Kuweni barafu.

Nikalala chali chini yao, tochi mdomoni.
Springi zikashuka, zikaguna,
upenyo wa kidole ukawa upenyo wa ukucha,
na pale juu niliona jina langu
limeandikwa kwenye bati kwa mikwaruzo inayong'aa.

Nikachukua msumeno wa chuma.
Bolti tisini na sita, moja baada ya nyingine,
unga wa chuma ukaniingia kwenye ndevu.
Nyingine nilizikata mno, hazitauma hata ugali.
Moja ilizunguka na nati yake, ikakataa;
nikaing'oa, nikaziba tundu, nikanyamaza.
Mama Kabula akasema chapati zinaungua.
Kaa, mama. Bado kidogo. Nitazilipia.

Nyanzobe akapitisha kiberiti, watu wakiwa ndani.
Kikapita kikikwaruza ubavu.
Akakitikisa sikioni, akahesabu njiti zilizobaki,
jambo ambalo hakuna aliyemtuma.

Alhamisi mvua ilipiga tangu alfajiri.
Lushinge hakuja, simu yake haikuita.
Ijumaa nilikuwa na msiba Kayenze, nikaenda kwa miguu,
viatu mkononi.
Kwenye kile kilima, katikati ya tope jekundu,
nilikuta vitobo, viwili huku, kimoja kule,
kila kimoja kimejaa maji yake.
Nikachutama, nikaingiza kidole.
Vilikuwa vifupi kuliko nilivyotaka.
Lakini vilikuwa vinapanda.