Nyigu wa Barabara ya Kumi na Nne

Usianze na rangi.
Rangi ni kanga, kila mmoja hujinunulia,
na wekundu huu wa kutu wamejifunga watatu
wasiojuana ukoo. Anzia kiunoni.

Huyu niliyemfunika kwa glasi ya chai
juu ya mlango wa jiko la mama
ana kiuno kirefu kama shingo ya mrashi,
kinapanuka polepole, bila haraka, hadi tumboni.
Yule wa darini kwa Shemdoe, kiuno kifupi,
halafu fundo, halafu ghafla tumbo,
kama mtu aliyemeza tonge kabla ya kutafuna.
Wa tatu, wa kwenye uzio wa shule, hana kiuno cha kusema:
amechongoka kote kuwili, kokwa ya tende.

"Unamkagua kama mposaji," anasema mama,
ungo wa mchele mapajani.

Kwenye lenzi uso unakuwa mtaa.
Macho makubwa yamebonyea kwa ndani kama maharage,
na juu, katikati ya paji, vijicho vitatu
vimekaa kama mafiga.
Pima nafasi kati ya jicho na taya:
unywele mmoja, au nywele mbili?
Humo ndimo ndugu hugawana mirathi.

Kisha hesabu pingili za papasi.
Kumi na mbili, jike; ana mwiba, shusha glasi taratibu.
Kumi na tatu, na ncha imejikunja kama ndoana,
ni dume, hana cha kukuchoma nacho.
Jana nilimshika mmoja kwa vidole vitupu.
Watoto wa jirani wakakimbia, wakarudi,
na Mhina, mdogo kuliko wote, akafumba macho
akanyoosha kiganja.

Wiki iliyopita tulikwenda ofisi ya vitambulisho, mara ya tatu.
Kijana alimfuta mama vidole, akavipaka mafuta,
akakikandamiza kidole gumba juu ya kioo chenye taa ya kijani.
Mashine ikakataa.
Miaka ishirini na sita kwenye korona ya mkonge, Ngomeni,
akianika katani mbichi juani, akiikung'uta, akiifunga,
nayo katani ikalamba mistari yote.
Vidole vyake sasa ni kete za bao.
"Bibi, alama zako hazisomeki."
"Basi nisome kiuno."
Foleni nzima ikacheka.
Njiani hatukusema kitu mpaka Ngamiani.

Leo nimejua wanapotoa karatasi yao.
Mlingoti wa mkonge ulioshika paa la jiko
una michirizi myeupe, upana wa taya moja.
Hukwangua, hutafuna kwa mate, hupachika
chumba cha kijivu chenye pembe sita, kisha kingine.
Ukinyamaza unasikia: kr, kr, kr.
Mama anaweka ungo chini, anasikiliza.
"Wako zamu," anasema.

Nimemchoma pini huyu mmoja. Nilimwomba radhi kwanza.
Lebo ni ndogo, kama ukucha wa mtoto;
mahali pa jina la ukoo nimepaacha wazi
mpaka niwe na hakika na ule upana wa shavu.
Chini yake naandika kwa kalamu ya wino:
Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
jikoni kwa Mwantumu binti Kibwana. Jike.

Mama anaichukua, anaisogeza mbali na macho,
anasoma kwa midomo, herufi baada ya herufi.
"Jike ni nani hapa, mimi au yeye?"
"Mama, wino haujakauka."
Amekwisha kuikandamiza.
Anageuza mkono kuelekea mwanga wa mlango,
na pale, juu ya kidole gumba kisichosomeka,
kinyumenyume, bluu,
Mwantumu.