Ukurasa wa Hamsini na Tatu

Michoro ya filamu imetoka.
Mishi kaichapisha kwa rangi, pale Makadara,
shilingi arubaini kila karatasi,
tukaitandaza juu ya meza ya viazi karai,
ukwaju ukaidondokea ngome ya malkia.

"Joka gani hili?" Shekuwe kafoka.
"Langu lina manyoya, kama kuku wa kuchi."
Bakathir kaapa halina miguu, latambaa,
na sauti yake ni ya kike.
Mishi alitaka jeusi, jeusi la lami mbichi.
Hili la kijani, la jicho moja, wamelitoa wapi?

Kitabu kilikuwa kimoja, sisi wanane.
Kilizunguka Kibokoni hadi jalada likalegea,
na pale joka linapotoka pangoni
pana pengo: ukurasa umechanwa.
Kila mtu akajifugia lake.

"Na wewe, lako je?"
Nikatia kiazi mdomoni, cha moto,
kikaniunguza ulimi.

Uko kwetu, ndani ya foronya,
umekunjwa mara nne tangu darasa la saba.
Kijani. Jicho moja.
Mchoraji hakukosea hata gamba.

"Wameliharibu," nikasema.