Nusu ya Msumeno

Niliuvuta kutoka chini ya nyumba namba arobaini na mbili,
nikitambaa kwa tumbo, tochi mdomoni,
kati ya mikebe ya rangi na sleji iliyovunjika mguu:
msumeno wa seremala aliyekuja na meli
mwaka ule serikali ilipotuletea nyumba za mbao
na kutuambia kwamba hema zimekwisha.
Meli ikaondoka, msumeno ukabaki.
Mama alisema hakuusahau yule,
alichoka kukata.

Kutu ilikuwa imeula hadi mpinini.
Lakini nilipoukunja ulilia, sauti nyembamba,
kisha ukanyooka ghafla kama mtu aliyetukanwa.
Chuma kinachorudi hakijafa.

Nikachora kwa mfuniko wa kopo la maziwa:
nusu mwezi,
upana wa kiganja cha mtoto wa miaka tisa
na kidole kimoja zaidi, cha kukulia.

Meno kwanza.
Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Huu kwetu ulikata mbao za shule,
mbao za duka, mbao za kituo cha polisi,
mbele, mbele;
ukirudi nyuma sikuwahi kuuona.
Niliazima mashine ya Joanasi, nikakaa barazani,
cheche zikaruka na kutoboa theluji vitundu vyeusi.
Angalia rangi, Joanasi aliniambia.
Chuma kikigeuka buluu, moyo wake umetoka,
utanoa mpaka kufa na hakitakata hata siagi.
Basi kila nikihesabu kumi, ndani ya ndoo ya theluji.
Tss.
Kumi tena.
Tss.
Vidole vyangu ndivyo vilivyogeuka buluu.

Mpini ni pembe ya kulungu wa mwaka juzi.
Kuitoboa kunanuka kama jino kwa daktari.
Ribiti mbili nilizikata kwenye waya wa shaba,
moja ikakaa upande. Nimeiacha.

Ulaayu ni binti yangu. Ulaayu alikuwa mama yangu.
Kwetu jina haliziki na mtu, humngoja mtoto,
kwa hiyo namwita mama huyu ninayemfunga kamba za viatu,
naye hunikemea kwa haki yake yote:
"Mwanangu, upande huu bado ni butu."

Ubavuni imebaki chapa ya kiwanda, tembo mdogo
niliyemkata miguu ya nyuma bila kukusudia.
Ulaayu akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha,
jua lenyewe lilikuwa na wiki moja tu tangu lirejee.
"Walrasi," akasema,
"amevutwa pua kwa kusema uongo."

Jumamosi akaja sili.
Tukatandaza maboksi ya kadibodi sakafuni,
akapiga magoti, nywele kazifunga kwa soksi.
Sikumfundisha. Nilifungua mdomo nimfundishe
na mkono wake ulikuwa umekwisha kuanza.
Msumeno ule haukwenda mbele,
haukurudi nyuma.
Ulibembea,
kama anayelaza mtoto,
na mafuta yakaachana na ngozi bila ugomvi.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Sawa. Lakini njoo uone sakafu yetu:
ini kwa jirani asiye na meno,
mbavu kwa Joanasi, kwa ajili ya mashine,
moyo kwangu,
na utumbo wakagombea watoto wa kasisi.
Mwenye kisu alibakiwa na kipande kama kidole gumba.
Akakila, kisha akalamba ubapa wa chuma,
nami nikapiga ukelele: ulimi wako!
Akacheka.
Kicheko kile nilikizika miaka kumi iliyopita,
ardhi ikiwa ngumu, tukachimba kwa zamu.

Nusu nyingine iko msumarini, nyuma ya mlango.
Dada yangu ana mimba ya miezi minne.
Hatuulizi ni nani anayerudi.
Nimeipaka mafuta ya sili tu,
kutu isije ikatangulia.