Ubao wa Ghorofa ya Pili

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
Winnipeg imekauka kama nyama ya friza,
nami navua glavu kwa meno, nachukua pini.
Kazi yangu ya kwanza Idara ya Tiba ya Familia ni hii,
kabla simu hazijaamka:
kubandua yaliyopita, kubandika yajayo.

Nabandua Chanjo ya Mafua, Oktoba.
Nabandua Karibuni Madaktari Wanagenzi,
picha yao ya Julai, wote saba, mashavu yamejaa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyowapokea.
Sasa ni Februari
na wawili wawili wanagawana shavu moja.

Nabandika.
Jumatano, mapishi kwa wenye kisukari,
chumba cha chini, piteni ngazi za nyuma
(lifti bado mbovu; wenye jengo tumewaandikia mara nne,
wanatutibu kwa subira).
Mwalimu ni Bi Marivic Dimaculangan,
atakayewaonyesha kupika pansit kwa chumvi kiduchu,
na ambaye, msinitaje,
hutembea na chumvi yake mkobani.

Alhamisi, Daktari Préfontaine atasoma utafiti wake:
shinikizo la damu kwa madereva wa mabasi ya usiku.
Miaka mitatu ya kuwasubiri kituoni na mashine ya kupimia,
dakika kumi na mbili za kusema.
Donati zipo kwa watakaowahi.

Kisha karatasi ya Ijumaa.
Daktari Oksana Hrycak anastaafu,
miaka thelathini na mmoja, mlango namba sita.
Nimeagizwa niandike "ametoa mchango mkubwa."
Nimeandika.
Mchango! Utadhani alipitishiwa kikapu cha harusi.
Alikuwa akipasha stethoskopu kwapani
kabla haijagusa kifua cha mtoto.
Aliwazalisha wanawake, kisha akawazalisha binti zao.
Mkurugenzi alipokuja na saa yake ya kuhesabia
akamwambia mbele yetu sote, "Mgonjwa si robo saa."
Na siku ile mama yangu aliponiita kwa jina la dada yake marehemu,
Hrycak aliandika kwenye faili, chini ya vipimo:
Binti amechoka. Naye aulizwe hali.
Nililiona faili kwa sababu kuyapanga ndiyo kazi yangu.
Sikumwambia kwamba nililiona.

Pini zimebaki tatu.

Kila Jumanne alikuwa akija Bwana Alvin Beardy kupimwa presha.
Presha yenyewe haikuwa na neno.
Alichofuata ni ubao huu:
aliusoma kwa sauti, kutoka juu hadi chini,
miwani imefungwa kwa uzi wa nyavu,
kalamu nyekundu mkononi.
"Mpendwa, hawa 'wagongwa' wamegongwa na nini?"
Ukumbi mzima ulicheka, hata waliokuja na maumivu.
Nilikuwa nikikosea makusudi, siku nyingine,
nimwachie kitu.

Kanuni ni kanuni: jina la mgonjwa halibandikwi.
Hivyo habari kubwa ya Januari katika idara hii
haikupata karatasi.
Jumanne ya kwanza muuguzi alimwita kwa mazoea,
kisha akajifanya anakohoa.

Narudi nyuma hatua mbili,
nasoma kwa sauti, kama yeye,
na hapo ndipo naona:
Kumuaga Dkt. Hrycak, Ijumaa, tarehe 30 Februari.

Safari hii sikukusudia.

Kalamu nyekundu iko drooni, aliisahau, au aliiacha.
Simu ya kwanza inalia.
Mlangoni watu wanakung'uta theluji viatuni,
hakuna hata mmoja anayetazama ubaoni.
Nitaisahihisha.
Mchana, labda. Nikishakula.