Kurasa Thelathini na Nne

Mashine ilimkataa mama mara ya kwanza,
ikamkataa ya pili.
Ya tatu, karani akafuta kioo kwa tai yake:
Bonyeza, mama. Bonyeza kabisa.
Mama akabonyeza kama anayekanda unga.
Taa ikabaki nyekundu.

Huyu, karani aliniambia mimi, si yeye,
hana vidole.

Vidole anavyo, kumi, navijua tangu nikiwa mgongoni.
Ila ameponda kokoto Maragoli miaka ishirini na sita,
nyundo kulia, jiwe kushoto,
na jiwe halikusagika peke yake.
Mistari aliyozaliwa nayo
imo kwenye zege la watu,
kwenye choo cha shule, kwenye kalvati la Mudete,
pengine kwenye sakafu hii hii ya Kisumu
tuliyosimama tangu alfajiri
tukiulizwa yeye ni nani.

Kidole cha mwisho cha kushoto ndicho kilichokubali,
kile kisichoshika chochote.

Bahasha ya kaki ilikuwa na barua ya daktari:
mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa,
damu inatoka, inarudi, inatoka tena
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Wa kuurekebisha hapa nchini wapo, alisema,
lakini foleni yao ni ndefu kuliko pumzi ya mama yako.
Nendeni India.
Alivyolitamka, ungedhani ni Luanda siku ya soko.

Basi tukafanya harambee.
Jogoo alinadiwa mara nne,
kila aliyemnunua akimrudisha anadiwe tena,
hadi jogoo mwenyewe akachoka kuwika.

Usiku nilimsomea fomu ya viza kwenye simu.
Umewahi kufukuzwa nchi yoyote?
Sijafika hata Malaba, alisema.
Nani atagharamia safari?
Akataja jogoo.
Ni nini kitakachokurudisha kwenu?

Hapo alinyamaza.
Nikamweleza: wanataka kuona hati ya shamba, mshahara,
akaunti ya benki yenye kitu ndani,
wanaogopa watu wasiorudi.
Akanitazama kama niliyemtukania mtu.
Yaani uende kwa watu, wakutibu, kisha ubaki?
Ukae hapo ukifanya nini?
Atakuzika nani?

Kisanduku cha jibu kilikuwa kidogo.
Niliandika: familia.

Pasipoti ilitoka Ijumaa, ya samawati,
bado inanuka gundi.
Mama alinawa mikono kabla ya kuishika.
Jina lake, Dorika Kageha, limeandikwa kwa herufi kubwa,
na ile picha aliyokatazwa kucheka.
Akafunua, akafunua, akahesabu,
kurasa thelathini na nne.
Daftari zuri namna hii na halina kitu?
Wataandika wao, mama, wenye nchi.
Mimi, alisema, niliacha shule darasa la tatu
kwa kukosa daftari.

Kulipopambazuka nilimkuta mezani,
miwani ya kuazima, penseli ya mjukuu.
Ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa:

Finike wa omena, mia mbili.
Kwaya, elfu tatu mia nne hamsini.
Yohana wa boda, hamsini, na mafuta yake ya siku mbili.
Wenzangu wa kokoto, toroli tatu, sijui bei.
Jogoo. Nimuulize Rasoa ni wa nani hasa.

Herufi za darasa la tatu,
kila moja imebonyezwa kabisa,
ukigeuza ukurasa unazihisi kwa nyuma.

Najua ni kosa. Kitabu ni cha serikali,
hakiandikwi na mwenye jina.
Nilinunua kifutio kituoni, shilingi kumi,
cha waridi, laini.
Leo tumerudi Kisumu na karatasi zilizobaki,
yeye anapumzika kila baada ya hatua ishirini,
mkono wangu mfukoni, kwenye kifutio,
na kona zake zote nne bado ni kali.