Kukanusha

Mama alikuwa karani wa mizani
shamba la mkonge, upande wa Pongwe,
miaka ishirini na sita akiandika uzito wa marobota
kwa kalamu ya risasi aliyoichonga kwa wembe.
Alipostaafu walimpa baiskeli na barua ya shukrani.
Daftari alijipa mwenyewe:
kaunta buku, jalada jeusi, mgongo mwekundu,
lisilowahi kuandikiwa mkonge.

Nimelifungua leo, arobaini yake,
nyumbani kwetu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
Bi Mwanamgeni wa jirani akipepeta mchele uani
kana kwamba msiba ni wa kwao.
Na kweli ni wa kwao.

Safu tatu, zimepigwa mstari kwa rula.
*Aliloahidi. Siku niliyosikia. Siku niliyopokea.*

Mvua, mwaka wa unga wa yanga: imepokelewa.
Mimi, baada ya mimba tatu zilizotoka: nimepokelewa,
Jumanne, kilo mbili na nusu, mizani ya Bombo.

Kisha mistari kumi na moja
ambayo safu yake ya tatu ilikaa nyeupe kama sahani iliyooshwa.
*Mguu wa mume wangu.* (Baba alizikwa na mkongojo wake.)
*Amani na dada Fibronia.*
*Meza moja, wanangu wote.*
Huo wa mwisho ameukoleza mara nyingi
hadi karatasi inang'aa.

Wanawe wote ni mimi na Gervasi,
na Gervasi alikwenda Mererani kuchimba mawe
mwaka nilioanza kufundisha.
Simu moja. Halafu namba haipatikani.

Krismasi moja nilichoshwa na sahani ya tatu,
nikaiondoa mezani.
"Mama, hakurudi."
Akanitazama juu ya miwani,
mimi, mwalimu wa Kiswahili, kidato cha pili,
mwenye kalamu nyekundu mkobani.
"Hajarudi," akasema.
"Hakurudi ni mlango uliokomewa.
Hajarudi, mtu angali njiani.
Mnafundisha nini huko shuleni?"
Akairudisha sahani. Akapakua.
Pilau ikapoa, tukaila kesho yake.

Sikumwamini. Niseme kweli,
imani yangu yote ni silabi moja,
*ja* badala ya *ku*,
na kuna usiku hata hiyo huniteleza.
Sikuona mbingu zikifunguka juu ya Ngamiani.
Nilimwona Mama akijaza upepo gurudumu la nyuma,
Jumapili, saa kumi na mbili kasoro,
anakwenda kumkumbusha Mungu bila kumgombeza,
kama karani ajuaye deni la tajiri wake
na anayejua pia kwamba tajiri hatoroki.
Yule mzee wa kale aliyeambiwa ahesabu nyota,
alipenda kusema,
katika nchi nzima aliyoahidiwa
alikufa ana kiwanja kimoja tu, cha kuzikia mkewe.
Alikinunua, tena kwa fedha taslimu.

Mwezi wake wa mwisho, mkono ukimtetemeka,
aliijaza safu ya tatu, mistari yote kumi na moja,
neno moja:
*bado.*

Bi Mwanamgeni hasomi. Nimemsomea.
"Bado," amerudia, ungo ukiwa mapajani.
"Kama wali ulio motoni."
Akaendelea kupepeta.

Jumatatu narudi darasani.
Nitaandika ubaoni, kama kila muhula,
*Kanusha sentensi zifuatazo.*
Mvua imenyesha.
Gervasi amerudi.
Ya tatu nitaiandika polepole, chaki isivunjike:
Mama amefufuka.

Na watoto, wasiojua lolote,
watainamia madaftari yao, waandike jibu sahihi,
nami jioni nitaketi na kalamu nyekundu
nikipiga vema, daftari baada ya daftari,
arobaini na tatu:

hajafufuka,

hajafufuka.